Kijiko cha Kwanza

Nilirudi Makwale, kijijini kwetu Kyela, nikiwa nimenenepa kwa kukaa. Mtu anayeandika riwaya hutembea mbali sana kichwani huku mwili umegandamana na kiti. Daktari mmoja mjini alinipima, akasema mwili wangu umezoea uvivu, unachoma chakula polepole kama moto wa kuni mbichi. Dawa aliyonipa haikuuzwa dukani: nitembee kwa kasi kila asubuhi, nile kifungua kinywa cha maana, samaki na maharage visikose, na wali wa usiku niupunguze.

Niliona hakuna mahali pa kuanzia pazuri kuliko kwa mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kwake kuna hewa, na njia ya udongo inayopita kati ya majaruba ya mpunga na mashamba ya kakao. Sikukumbuka kwamba nilikuwa nakwenda kukataa wali nyumbani kwa mkulima wa mpunga.

Jioni ya kwanza alinipakulia mlima. Mchele mpya wa Kyela harufu yake humfikia mgeni angali njiani, na mate yalinijaa. Hata hivyo nilikula ukingo tu, nikaisogeza sahani.

"Wali umekosa nini?" akauliza.

"Haujakosa kitu, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Nikamweleza ya daktari, tangu kuni mbichi mpaka kifungua kinywa. Alinisikiliza huku akiufunika wali kwa sahani nyingine.

"Kumbe moto uko tumboni," akasema. "Na mimi miaka yote nauchochea jikoni."

Sikuipenda sauti yake.

Asubuhi nilitoka kabla jua halijavuka milima. Kila niliyekutana naye alinisalimu, "Ugonile," kisha akaangalia mikono yangu. Unakwenda wapi? Natembea tu. Lakini kwetu mtu hatembei tu. Mkononi kuna jembe, au ndoo, au mtoto. Na msimu ule watu walikuwa wakiibiwa kakao ingali mtini, kwa hiyo mikono mitupu kwenye njia ile ilikuwa mikono inayotafuta.

"Binti, unakimbizwa na nani?" mzee mmoja wa baiskeli aliniuliza.

"Na tumbo langu, baba."

Alicheka. Kisha akashuka kwenye baiskeli, akasimama kunitazama mpaka nikapotea kwenye kona.

Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Njia niliyoichagua ilipita mlangoni kwa jirani ambaye mama mdogo alikuwa hasemi naye, kwa sababu ya mfereji wa maji ya shambani.

"Kwa yule unakunywa chai?" aliniuliza.

"Sijawahi hata kuingia."

"Basi unashibia wapi?"

Tangu siku hiyo tulianza kuviziana. Yeye alikuwa akinitazama mdomo ninapotafuna. Mimi nikaanza kukishuku chakula. Maharage yalikuja na wali umejificha chini yake, mboga zikaogelea kwenye mafuta, na mimi nikawa naichoma sahani kwa kijiko kama askari wa mpakani anayekagua gunia. Nilidhani haoni.

Jioni moja aliweka sahani mbele yangu na hakuondoka. Alichukua kijiko changu, akachota wali, akauchovya kwenye mchuzi, akala. Alimeza akinitazama machoni.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kumtoa wasiwasi kwamba huenda mna sumu ndani. Hufanyiwa mgeni, au mtu mliyewahi kukosana. Mtoto wa nyumbani haonjewi.

"Haya," akasema. "Sijafa. Kula."

"Mama, mimi sijawahi kufikiri hivyo!"

"Wenzako wamefikiri. Wananiuliza kanisani kwa nini mwanangu hali kwangu. Nimekulisha tangu huna meno, leo unachimba sahani yangu kama mtu anayetafuta hirizi."

Akatoka nje. Nilibaki na wali ule unaopoa. Kama ningeumaliza, ingekuwa kama namlipa mama lishe chakula chake. Kama ningeuacha, ningekuwa mgeni katika nyumba pekee duniani ninayoingia bila kubisha hodi.

Kesho yake niliomba jiko. Nilipika samaki mbasa kwenye chungu cha Matema, maharage, majani ya maboga, na wali kidogo. Mama mdogo alikaa mlangoni, mikono kifuani, hakunisaidia hata kupuliza moto. Nikampakulia. Hakugusa.

"Onja kwanza."

Niliutafuta utani usoni kwake, sikuupata. Nikaonja. Alinikazia macho shingoni kama anayesubiri niporomoke. Kisha akaichukua sahani yangu na kuimimina yote kwenye yake.

"Tule moja. Ukidanganya kula nitaona. Na kama kuna sumu, watuzike pamoja, wapunguze gharama."

Hapo ndipo alipocheka, nami nikacheka, ingawa jicho lake halikutoka kwenye upande wangu wa sahani.

Asubuhi, nilipokuwa nafunga viatu, alinishikisha kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Wakikuuliza unakwenda wapi, sema nimekutuma."

"Umenituma nini?"

"Wewe tembea."

Mzee wa baiskeli alikiangalia kikapu, akanisalimu, akapita bila neno. Nilipofika darajani mkono ulianza kuuma. Nilikuwa nimedhani ni kitupu, cha kuwaonyesha watu tu, lakini kikapu kitupu hakielemei hivyo. Nikafunua kitambaa: wali wa jana usiku, ungali na uvuguvugu wa kupashwa, umefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na kipande cha mbasa.

Daktari alikuwa ameupunguza wa usiku. Wa asubuhi hakuutaja, na mama mdogo alikuwa amesikiliza vizuri kuliko nilivyodhani. Nilitazama huku na huku kama mwizi wa kakao, nikakaa ukingoni mwa daraja, nikala mpaka jani likawa tupu.