Kahindo na motère ya farasi wa mbao

Mpaka saa hii sijaamini. Alhamisi nilimwacha Kahindo anapaka farasi rangi, ananigombeza kwa kuchelewa. Jumamosi presha ikamchukua. Mon Dieu!

Mnaomfahamu mnajua: ndiye patronne, mwenye ile park ya michezo aliyoianzisha baba yake, kilimani, barabara ya Kirumba. Mimi niliwakatia watu tiketi mlangoni, yeye aliendesha wale farasi wa mbao wanaozunguka.

Jumapili watu walitoka ibadani moja kwa moja hadi kwetu. Idi ikifika, Waislamu wa Beni walijaza malori. Kahindo aliwapokea wote kwa makelele yaleyale.

Kisha vita. Tukasikia askari wanakusanya motère zote, injini za kila aina. Wakiipata yetu inayozungusha farasi, park imekufa. Kahindo akaifungua yote, akawagawia majirani na marafiki, kila mtu kipande chake cha kuficha.

Askari wakafika kweli. "Mama, motère iko wapi?"

"Chef, motère haiko, njo ile munaona. Batoto banaisukumaka na mikono."

Na akaanza kuwasukuma farasi mbele yao, mwanamke yule! Wakaondoka.

Mimi nilipewa gurudumu dogo la meno. Siku tuliyokimbilia kijiji cha Kyavinyonge, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, nilichoka. Nikalitupa majanini. Sufuria nikabaki nayo.

Vita ilipotulia, vipande vikaanza kurudi. Papa Ramazani, dereva wa lori, alitoka Beni na mkanda wa motère amejifunga kiunoni! Mimi nilikuja mikono mitupu. Nikasema askari walininyang'anya njiani.

"Haiko neno, Masika," Kahindo akasema. "Bora weye ulifika."

Akashinda siku nzima mtaa wa Kimemi kwa fundi wa chuma mpaka akatengenezewa jingine. Farasi wakazunguka tena, batoto wakapiga kelele, na Kahindo akalia hadharani bila haya.

Tangu hapo, kila mgeni aliyekuja alionyeshwa mimi. "Uyu Masika muone vile! Aliteswaka na basoda, bale askari, juu ya park yetu." Miaka yote hiyo nilicheka tu na kuangalia chini.

Alhamisi nilikwenda kumwambia ukweli. Mikono yake ilijaa rangi nyekundu. "Acha nimalize uyu farasi," akasema. "Utaniambia dimanche."

Leo ni Jumapili, ile dimanche yako, Kahindo, na watu wote wanasoma haya ninayoandika. Hakuna askari aliyeninyang'anya kitu. Lile gurudumu nililitupa mwenyewe. Nisamehe, dada yangu, ulale kwa amani.