Barua Pepe, Barua Pepo

Kompyuta ya duka la Mzee Mukhwana, pale Kakamega mjini, ilikuwanga inalia kama paka amekanyagwa mkia kabla ikubali kuingia mtandaoni. Hiyo ni mwaka wa tisini na tisa, simu bado haijaingia kila mfuko. Ukitaka kumwandikia mtu wa mbali haraka, unaenda dukani, unasimama mbele ya kaunta kama uko benki, unamwambia msichana maneno yako, na yeye ndiye anagonga. Hata ya mapenzi. Unanong'ona "mwambie namkumbuka," foleni yote inageuka kukuangalia.

Msichana mwenyewe aliitwa Nabwire, mtu wa Busia, mwembamba, vidole kama mvua ya mawe. Kuchapa alijifundisha pekee yake. Na alikuwa na kipaji kimoja alichojivunia kimoyomoyo: kunyoosha l na r. Mtu wa kwetu anaweza kukwambia anataka "kiro mbiri," na wewe ukiandika hivyo kwa anwani ya mtandao, imekula kwako. Nabwire aliuliza kila mteja, "Ni l ama r?" Hakuwahi kukosea.

Shida ya duka ilikuwa kanisa. Mzee Mukhwana alikuwa shemasi, na mchungaji wake alikuwa amehubiri kwamba mtandao una mnyama ndani. "Barua pepe, barua pepo," mchungaji alisema, "tofauti ni herufi moja tu." Mzee hakuwa tayari kufunga duka, na kanisa hakutaka kuliacha. Akatafuta njia ya katikati. Kulikuwanga na barua fulani zinajileta zenyewe, mwandishi wake anaitwa Mailer-Daemon. Mzee alijua Kiingereza cha kutosha kumtambua demoni hata akiongezewa herufi. Akabandika karatasi ukutani juu ya kompyuta: PEPO LIKIINGIA, FUTA. USIFUNGUE.

Nabwire alifuta. Yeye pia aliogopa, usimcheke. Umekaa pekee yako na mashine inalia, halafu demoni anakuandikia.

Jumatatu akaja Muhonja kutoka Shinyalu, leso kiunoni, macho yamevimba.

"Dada, niandikie kaka yangu. Anaitwa Lazarus, ako Kigali. Namba aliacha inaita tu, haishikwi."

"Sema, naandika."

"Mwambie baba ametuacha. Tunazika Jumamosi." Akashusha sauti. "Mwambie yeye ndiye kifungua mimba. Asipokuja kutupa mchanga, baba mdogo amesema jina lake linafutwa kwa boma. Waliachana na mzee vibaya, dada. Watu watasema amekataa baba yake hata akiwa maiti."

Vidole vya Nabwire vikapunguza mwendo kidogo. "Anwani ni gani?"

Muhonja akataja ule mlima wa kwao, ule wa pembeni ya msitu. Lazarus alijipa jina la mlima huko mtandaoni, ili asisahau kwao.

"Inaanza na l ama r?"

"L."

"Na ya katikati?"

"R."

Nabwire akaandika liranda, akamalizia na ile mikia ya mtandao, akatuma. Safi. Muhonja hakuona kitu, kwa sababu mteja hakuruhusiwa kupita kaunta.

Hata chai haijapoa, pepo akaingia. Nabwire akamtupia Mzee jicho, Mzee akatikisa kichwa. Akafuta.

Jumanne Muhonja alirudi. "Amejibu?"

"Bado."

Jumatano alisimama mlangoni tu, akaangalia uso wa Nabwire, akaondoka bila kuuliza.

Alhamisi alikuja akiwa amekauka midomo. "Nyumbani wameanza kusema ameona na akanyamaza. Baba mdogo anataka mdogo wetu ndiye atupe mchanga. Mama hali, hanywi. Tuma tena, dada. Tuma ile ile."

Nabwire akatuma ile ile. Muhonja hajafika mlangoni, pepo akaingia.

Sasa hapo ndipo kitu kilimgonga Nabwire kifuani. Kwani pepo huyu anamfuata Lazarus tu? Leo asubuhi ametuma barua ya mwalimu, ya mfanyabiashara wa mahindi, ya Nasambu anayetongozwa na mtu wa Mombasa. Pepo hajaonekana. Ya Lazarus imetoka, na huyu hapa.

"Futa," Mzee Mukhwana akasema bila kuinua macho.

Kidole kilikuwa tayari kiko juu ya panya wa kompyuta. Nabwire akasema moyoni, Mungu anisamehe, akafungua.

Kiingereza kingi, namba nyingi, alama kama mchwa wametembea kwenye unga. Akashuka chini, chini zaidi. Na huko mwisho akakutana na maneno anayoyajua. Baba ametuacha. Tunazika Jumamosi.

Haikuwa barua ya pepo. Ilikuwa barua ya Muhonja. Imefika kwenye mlango usiokuwepo, imerudishwa. Na ile ya Jumatatu ilirudishwa vilevile, na yeye akaifuta kwa kidole chake mwenyewe.

"Muhonja," akaita. "Rudi. Haijafika."

"Nini haijafika?"

"Hakuna hata moja imefika. Kaka yako hajui. Ilirudi Jumatatu na mimi nikafuta nikidhani ni pepo."

Muhonja alishika kaunta. Halafu akasema polepole, "Siku hizi zote namtukana Lazarus kwa roho yangu."

"Pita huku uone mwenyewe."

"Mteja hapiti hapo," Mzee akasema.

"Leo atapita, Mzee."

Muhonja akapita, akainama mbele ya kioo, akasoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kikasimama.

"Hii si mlima wetu."

"L, r. Si ndivyo ulisema?"

"Na h yake iko wapi? Lirhanda. Hata kwa ukuta wa shule yetu imeandikwa hivyo. R inakujanga na h."

Nabwire akafunga macho. L na r alijua kuziuliza. H, hakuna mtu alimfundisha kuiuliza. Kwao Busia haingekuwa hapo.

Akaiweka. Akatuma. Halafu wote watatu, na Mzee Mukhwana ndani, wakakaa wakingoja pepo. Chai ikapoa. Foleni ikasonya. Pepo hakuja.

Ijumaa asubuhi jibu likaingia. Nabwire alilichapa kwa karatasi, Muhonja akakimbia nalo nyumbani.

Jumamosi Nabwire alikwenda Shinyalu mwenyewe, kwa sababu kukaa dukani hakungewezekana. Sanduku lilikuwa tayari kando ya kaburi. Baba mdogo, Mzee Ambetsa, alikuwa ameshika ile karatasi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Hii haina sahihi. Haina mwandiko," akasema. "Nitajuaje si huyu msichana wa mashine ameandika? Jua linaenda. Tunazika."

"Baba, isome kwanza," Muhonja akasema.

"Macho yangu yana moshi. Soma wewe."

Muhonja akasoma mbele ya watu. "Nimeona sasa hivi. Naingia basi. Msimshushe baba kabla sijafika. Mwambie Mzee Dakika Mbili anishikie koleo."

Mama mmoja huko nyuma akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Kila mtu Shinyalu alijua ni nani anayesemanga "dakika mbili tu" halafu anakuweka mpaka jioni. Lakini kumwambia usoni, ni mtu mmoja tu aliwahi kuthubutu.

Mzee Ambetsa akaangalia karatasi upya. Shavu likamcheza.

"Huyo ni yeye," akasema. "Ni nani mwingine ana adabu mbaya namna hiyo?" Akachomeka koleo kwenye udongo. "Sawa. Nampa dakika mbili."

Na dakika mbili za Mzee Ambetsa zilikuwa ndefu, asante Mungu. Kwaya iliimba ikakauka. Kivuli cha migomba kikavuka sanduku. Nabwire aliangalia njia mpaka macho yakauma. Mwishowe baiskeli ya boda ikachomoza chini kwenye mashamba ya chai, inayumba, na nyuma yake kijana wa vumbi tupu, begi kifuani.

Hakusalimia mtu. Alishuka, akapiga magoti, akachukua mchanga kwa mikono miwili. Koleo hakuitaka.

Jumatatu Mzee Mukhwana alikuta ile karatasi yake haiko ukutani. Hakuuliza. Saa ya chai pepo akaingia. Nabwire akavuta kiti karibu, akamfungua, aone amerudisha ya nani.