Mbingu ya Baba Mumo

Kitheka alianza kuchonga mawe kwenye machimbo ya Kitengela mwaka wa tisini na mbili, na tangu hapo alikuwa mpangaji kwenye ploti yangu ya vyumba, mtaa wa Noonkopir. Hakuwa na maneno mengi mpaka umguse kwa habari za Biblia. Hapo ungekoma. Misri si nchi, angekwambia, Misri ni woga wako. Farao ni ile sauti ndani yako inayosema mimi, mimi. Bahari ya Shamu unaivuka ukiwa umekaa kimya, umefumba macho, unafuata pumzi. Kila asubuhi alikaa hivyo juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami nikienda kufungua duka nilimchokoza: "Baba Mumo, leo umefika Kanaani?" Alicheka.

Kanisani walimnyang'anya zamu ya kusoma neno. Hakujali. Aliyeumia ni mkewe, Celine. Mtoto wao wa pekee, Mumo, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, na mbingu ya Kitheka haikuwa juu. Ilikuwa ndani ya mtu. Celine alilibeba hilo miaka saba bila kuuliza.

Mwaka wa 2001 Celine aliugua mapafu, akaisha mwili. Nilikuwa nimemletea uji alipomuuliza mumewe polepole, "Baba Mumo, nikienda nitamkuta?"

Kitheka hakujua kudanganya. Alimshika mkono. "Celine, Mumo yuko ndani yako. Hajawahi toka."

Alisema kwa mapenzi, machozi yakimtoka. Celine aligeukia ukuta.

Nilikasirika mno. Kitheka alipotoka kuchota maji, nilimwinamia Celine. "Utamkuta, mama. Ako kwa mlango anakungoja, na ile sweta yake ya kijani."

Alinishika kidole. Alikufa kesho yake, uso umetulia.

Tulimzika kwao Mwingi. Kitheka alirudi kazini, lakini ndoo hakuikalia tena. Aliniambia kwamba kila akifumba macho anamsikia mtu akigeuka kitandani. Aliogopa hata kulala. Alikonda, macho yakawa mekundu, na mimi nilianza kupita upande mwingine wa ploti nisikutane naye.

Siku moja mchana aliingia dukani na vumbi lake la mawe.

"Mama Kahiga, Celine alikufa ametulia. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia.

"Niambie na mimi."

Basi nikaanza. Atawakuta wote wawili, wako kwa mlango, wanamngoja. Alisikiliza ameinamisha kichwa mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kwa upole, "Na wewe unaamini hiyo?"

Nimekuwa mama wa kanisa miaka ishirini. Nilichukua kitambaa, nikaanza kupangusa kaunta. Mteja aliingia, akanunua chumvi, akaenda zake, na Kitheka bado alikuwa amesimama pale anangoja.