Bi Samadi, Mwalimu wa Vinyesi

Darasa la nne lilikuwa na madawati kumi na manane, ubao mmoja wenye ufa, na kabati la bati ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifungua mara mbili. Ndani yake, kwenye makopo ya kahawa, maboksi ya viatu na kikasha kimoja cha vifaa vya hesabu, kulikuwa na vinyesi vya wanyama arobaini na mmoja, vimekaushwa juani, kila kimoja na karatasi yake. Pundamilia. Swala. Twiga. Cha fisi kilikuwa cheupe kiasi kwamba mwalimu mmoja mgeni alitaka kuandikia ubaoni. Cha tembo kilikaa kwenye ndoo.

Mwenye kabati alikuwa bibi wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mabonde mawili. Alichunga mifugo tangu hajaota meno ya ukubwani, na darasani hakuwahi kukanyaga mpaka siku alipoingia kufundisha. Watoto walimwita Bibi. Watu wazima walimwita Bi Samadi, naye hakuona ubaya.

"Kuna watu wamerithi majina ya babu zao waliokuwa wezi," alisema. "Samadi imemwibia nani?"

Aliyemleta shuleni ni mwalimu mkuu, bwana aliyevaa tai hata siku ambazo mbuzi walijificha jua. Huyu aliamini kwamba mtoto hafundishwi kichwa peke yake, akaagiza ukuta wa mbele uandikwe KICHWA, MIKONO, MOYO kwa herufi kubwa. Fundi rangi hakupima nafasi, MOYO ukaangukia upande wa pili wa kona, karibu na mapipa ya taka. Kila aliyeingia getini alijua kwamba shule ile ina kichwa na mikono, basi.

Wafugaji wa pale walikuwa wamekubaliana kutenga kipande cha malisho yao kwa ajili ya wanyamapori. Mkutano ulichukua siku tatu na watu wawili wananuniana hadi leo, lakini walikubaliana. Kumbe watoto wao wenyewe hawakuwajua hao wanyama. Asubuhi moja mwalimu mkuu alikuta rundo kubwa katikati ya uwanja wa mpira, akawauliza darasa la nne nani ameliacha. Wanafunzi ishirini na watatu walijibu kwa pamoja, "Mbwa!"

"Mbwa wa kimo gani?" aliuliza mwalimu mkuu. Jioni hiyo hiyo alikwenda kumbembeleza Bi Samadi.

Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya kengele, watoto walitoka naye kukagua mpaka wa hifadhi. Walichutama, walichokoa kwa vijiti, walinusa, waligombana. Wakirudi, walichora ubaoni nani amepita wapi, na wazazi walisimama dirishani kusoma kabla ya kuamua ng'ombe waende upande gani. Hata mzee mmoja aliyekuwa akisema shule inawaharibu wachungaji alikuja, kofia mkononi, akawauliza watoto kama simba wa kusini bado yupo. Akaambiwa asubiri zamu yake.

Kisha ikaja barua. Mkaguzi wa elimu angefika Ijumaa, na somo lolote lisilo na mwalimu mwenye cheti lingefutwa.

Bi Samadi aliisikia barua ikisomwa, akaenda nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Alikuwa amelea watoto watano na ndama wasio na idadi, amezalisha ng'ombe kwenye mvua ya mawe, lakini kabla ya darasa la nne hakuna mtu aliyewahi kunyoosha kidole na kusubiri ruhusa ndipo amuulize jambo. Alikuwa ameionja hali hiyo. Hakutaka kuiacha.

"Usihuzunike, mama watoto," mumewe alimwambia. "Wakikufukuza, utanifundisha mimi."

"Wewe ulishafeli zamani."

"Mtihani wenyewe sikuuona!"

"Ndiyo maana ulifeli."

Kwa kuwa mkaguzi angedai andalio la somo, Bi Samadi alilitamka, na kiranja wa darasa, msichana mwenye mwandiko wa kulala, akaliandika. *Lengo: kabla kengele haijalia kila mtoto ajue nani amepita, amepita lini, na kama ana hasira.*

Ijumaa mkaguzi alifika kwa pikipiki, shati jeupe, faili kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu, na watu wa fomu ukishawajua katika nchi moja umewajua katika nchi zote. Alisoma andalio mara mbili.

"Zana za kufundishia ni nini?"

"Mavi," alijibu Bi Samadi.

Mwalimu mkuu alikohoa. "Anamaanisha masalio ya kibaiolojia."

"Namaanisha mavi, baba. Fungua hilo kopo."

Mkaguzi alifungua, akafunga. "Na cheti chako, mama?"

"Cheti sina."

Mkaguzi alishusha pumzi, akasema kwa upole kwamba sheria ni sheria, na kwamba ataliandika hilo akishatoka msalani. Choo kilikuwa nyuma ya uwanja, kibanda cha mabati kando ya vichaka. Bi Samadi alimfuata hatua chache akiwa bado na uchungu rohoni, lakini macho yake, kwa mazoea, yalikuwa chini. Hapo kwenye kijia aliona rundo, pana, limekaa tabaka juu ya tabaka, hata nzi hawajapata habari zake.

"Baba, usiende huko. Huyu ni nyati dume, na hajafika mbali."

"Mama, kuna mambo hayasubiri ukaguzi," alisema mkaguzi, akakaza mwendo na kujifungia.

Bi Samadi alirudi mbio kujificha nyuma ya tangi la maji, akipiga mluzi watoto wabaki darasani. Nyati akatoka kichakani taratibu, kama mtu aliyetoka kulala mchana. Akakitazama choo. Akakigeuzia makalio, akaanza kujikuna kwenye kona ya bati. *Gong. Gong. Gong.*

"Kuna mtu!" alisema mkaguzi kutoka ndani.

*Gong.*

"Nimesema kuna mtu! Hamna adabu nyie?"

Darasa la nne lilikuwa limejaa madirishani, mikono midomoni.

"Baba mkaguzi," aliita Bi Samadi, "huyo anayebisha hodi ana pembe."

Ikatoka sauti ndogo: "Ngapi?"

"Kama kawaida. Mbili."

"Mfukuzeni!"

"Nyati hafukuzwi, baba. Anasubiriwa."

"Mimi siwezi kufia chooni, mama! Nina cheo! Nahesabu mpaka tatu, natoka. Moja..."

Bi Samadi alijua akitoka ataumizwa vibaya. Alijua pia namna ya kumtuliza mtu anayetaka kukimbia, kwa kuwa darasa la nne lilikuwa na watu ishirini na watatu wa aina hiyo. Akamtupia swali.

"Chini ya mlango kuna uwazi. Inama. Unaona nini?"

Bati lililia. "Kwato."

"Zinaelekea wapi?"

"Kwangu! Hapana... zinageuka. Mama, ameacha kitu."

"Ehee! Kigumu au chororo?"

"Mama, tafadhali."

"Jibu, mwanangu. Darasa zima linakusikiliza."

"Kigumu," alisema mkaguzi kwa unyonge. "Kimekaa kama matofali."

"Kikiwa kigumu hivyo, mnyama amekosa nini?"

Hapo hapo simu ya mkaguzi ikalia kwa muziki wa matarumbeta. Nyati alisimamisha masikio. "Haloo, bosi," ilisikika sauti ikinong'ona. "Ndiyo, nipo darasani. Somo linaendelea... Mwalimu? Mkali, bosi. Mkali sana." Simu ikazimwa. Kiranja akataka kumsaidia jibu kutoka dirishani, Bi Samadi akamzuia kwa mkono.

"Maji!" alisema mkaguzi ghafla. "Amekosa maji. Ana kiu!"

"Na mwenye kiu huenda wapi?"

"Bwawani. Bwawa liko upande ule wa pikipiki yangu. Kwa hiyo nikikaa kimya, jua likizidi, ataondoka mwenyewe!"

"Umepata," alisema Bi Samadi, na madirishani wakapiga makofi ya vidole viwili viwili, yale yasiyo na kelele.

Nyati alijikuna dakika arobaini zaidi. Kisha akaenda bwawani, akiiangusha pikipiki na kupita juu ya kioo chake. Mkaguzi alitoka na shati lenye rangi tatu, akamshika Bi Samadi mikono yote miwili.

Ofisini alifungua fomu akaitazama kama mtu aliyefungiwa chumbani na mkwewe. Sehemu ya walimu ilidai namba ya cheti, na kuacha wazi hakuruhusiwi. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Ukurasa wa sita uliitwa Vifaa na Zana, nao ulidai mambo matatu tu. Akaandika polepole, na mwalimu mkuu akasoma kwa sauti: "Bibi. Idadi: mmoja. Hali: nzuri."

"Nzuri tu?" aliuliza Bi Samadi.

"Kuna nzuri, wastani na mbovu, mama. Juu ya nzuri hakuna kitu."

"Basi ongeza kwamba goti la kushoto ni wastani. Sitaki kusingiziwa."

Mkaguzi akaongeza, akapiga muhuri. Kwenye maelezo akaandika kwamba zana hiyo ni ya lazima kwa darasa la nne na isihamishiwe shule nyingine.

Tatizo lilijitokeza saa tisa, mumewe alipokuja kumchukua. Kanuni zilisema zana ya shule haitoki getini bila kuazimwa, na mwalimu mkuu, akiwa na hofu ya ukaguzi mwingine, alifungua daftari la kuazima vifaa akampa kalamu.

"Nimuazime mke wangu?" mzee alishangaa. "Nimeishi naye miaka arobaini!"

"Hiyo ilikuwa kabla ya fomu, mzee wangu. Hapo andika sababu ya kuazima."

Mzee alifikiri, akaandika, *Kupika.* Kiranja akamsomea Bibi. Bibi akamtazama mzee mpaka kalamu ikarudi yenyewe kwenye karatasi. Akakata, akaandika, *Mazungumzo.*

"Na nikichelewa kumrudisha?"

"Jumanne kabla ya kengele," alisema mwalimu mkuu. "Ukichelewa, hatukuazimi tena."

Mzee akatia sahihi haraka haraka.