Milango ya Fundi Nje

Mtaani walimwita Fundi Nje, kwa sababu milango yake yote ilifungukia nje. Ukipita kando ya nyumba alizofanyia kazi bila kuangalia, ungeweza kupigwa ubao wa uso mchana kweupe. Shemeji yake alikuwa na nundu mbili za kuthibitisha hilo. "Milango yako haina adabu, shemeji," alizoea kumwambia. Fundi alicheka kidogo na kuendelea kupiga randa.

Kabla ya ule moto, alitengeneza milango kama mafundi wengine. Hata ile ya ukumbi wa taifa ilikuwa kazi ya mikono yake: mbao ngumu, bawaba nane, ikifungukia ndani kama mchoro ulivyotaka. Moto ulipozuka siku ya sherehe, mamia ya watu waliisukuma, na mlango unaofungukia ndani hausikii msukumo. Tume ya uchunguzi iliandika kwamba milango ilikuwa imara mno, haikupata hata ufa. Hakuna fundi aliyewahi kusifiwa namna hiyo. Mkewe alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Tangu hapo riziki ikammiminikia. Kila shule na kila ofisi ikataka mlango wa kufungukia nje, naye ndiye aliyejulikana. Akaongeza mafundi wanne na mashine ya kurandia. "Baada ya dhiki faraja," watu walimwambia, huku macho yao yakiwa kwenye mashine. Kama kungekuwa na mahali pa kuirudisha akapewa mkewe, angeibeba mgongoni.

Ukumbi mpya ulipokamilika, milango ikiwa yake tena, kamati ya kumbukumbu ilimwalika ahutubie. Mada aliandikiwa kabisa: Ustahimilivu na Mafanikio Baada ya Msiba. "Fundi, tafadhali usitulilie," mwenyekiti alimsihi. "Watu wamelia vya kutosha. Tuletee ya kutia moyo." Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaimba kwenye kwaya siku hiyo.

Alipopanda jukwaani, aliangalia milango kwanza, kama alivyofanya kila alipoingia mahali. Vishikio vya mlango wa kulia vilikuwa vimezungushiwa mnyororo na kufuli. Akaangalia wa kushoto: hivyo hivyo.

"Mnyororo wa nini ule?" alimnong'oneza mwenyekiti.

"Usijali. Mwaka jana, kumbukumbu ilipofanyika kwenye turubai, watu walitoroka kabla mgeni rasmi hajamaliza."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mlinzi, ameenda kula. Haya, bwana, kipaza sauti hiki hapa, tunakusubiri."

Fundi akashuka. Akatoa bisibisi mfukoni mwa koti, maana fundi ni fundi hata akivaa suti, akapiga magoti mbele ya mlango wa kulia. Skrubu sita kila kishikio. Alizikaza mwenyewe, tena alizikaza vizuri, na sasa akawa anajilaani kwa sauti. Kisha mtu mmoja akadhani hiyo ni sehemu ya hotuba, akapiga makofi, na wengine wakafuata mkumbo. Vishikio vikaanguka sakafuni pamoja na mnyororo wao. Akausukuma mlango kwa kiganja, ukafunguka.

Binti akamjia mbio, uso umemshuka kwa aibu. "Baba, inatosha. Rudi ukaseme."

"Toka nje."

"Baba, watu wanatuangalia!"

"Toka nje, mwanangu, halafu urudi. Nataka nikuone ukitoka."

Binti akamtazama. Akatoka, akasimama juani kidogo, akarudi. Fundi akakaa pale pale kizingitini, akalia kwa kwikwi, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Mwenyekiti akashika kipaza sauti na kuwaomba wageni wote wasimame, wampigie makofi mtu aliyeushinda msiba.