Kebo Alizochomoa Andati

Edah Osiako hawezi kupita kitu kilichoharibika bila kukichungulia. Nyumbani kwake Amalemba kuna pasi tatu zilizofunguliwa matumbo, na mumewe alishachoka kuuliza. Kazini, lakini, udadisi huo ndio unaomlisha. Ni fundi wa mitandao wa kliniki yenye matawi mawili, moja Kakamega mjini, jingine Ekero.

Jumatatu hiyo laini ya kuunganisha ruta za matawi hayo, vile visanduku vya kupitishia mtandao, ilikuwa imekufa tangu Jumamosi, na majibu ya maabara ya Ekero hayakumfikia daktari mjini. Meneja alishampata wa kulaumiwa: Onesmus Andati, karani wa Ekero, ambaye radi ikinguruma huchomoa kila kebo ukutani. Barua ya kumfuta kazi ilisubiri tu ripoti ya Edah. Kana kwamba Kakamega nzima kuna nyumba isiyochomoa! Mvua ya alasiri huku haibishi hodi.

Edah alifika Ekero, akanusa ruta ya huko. Haikuungua. Alipounganisha laptopu akakuta kioja: waya ni mzima, mawimbi yanafika, ila mazungumzo hayaanzi. Ruta mbili zilikuwa zimeshikana mikono, kila moja ikasalimu kwa lugha yake. Kioja hicho kilimfurahisha hadi akaanza kuimba kimoyomoyo. Alhamisi yeye mwenyewe alizipa zote mbili lugha moja mpya. Ya mjini ilikuwa nayo bado. Ya Ekero ilikuwa imerudia ile ya zamani. Kwa nini?

Akamwuliza Andati alichomoa nini Alhamisi. Andati, ambaye chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa, alijibu polepole.

"Hiyo siku sikuchomoa kitu, madam. Ilinguruma tu huko Mumias, wewe ukafunga laptop mbio, ukasema mvua isikupate ukiwa kwa boda. Mimi nilichomoa Saturday."

Wimbo ukakatika. Ruta hushika maagizo mapya kichwani tu mpaka fundi aiamuru iyahifadhi. Ikizimwa kabla ya hapo, huyasahau. Edah alikuwa amekimbia mvua bila kutoa amri hiyo. Aliona aibu, tena ya kweli. Angeweza kurekebisha yote kwa dakika mbili, akaandika "hitilafu ya umeme", na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye.

Aliyaweka maagizo upya, akahifadhi. Kisha akamwambia Andati achomoe. Andati alimtazama kama mtu anayetegwa.

"Chomoa, Onesmus. Zote."

Akachomoa, akachomeka. Wakangoja. Laini ikaamka yenyewe, na mjini wakapiga simu kusema majibu yanaingia.

Kwenye ripoti, penye sababu, Edah aliandika: E. Osiako hakuhifadhi mpangilio. Karani hana kosa. Andati aliomba ausome mstari huo mwenyewe. Aliusoma mara mbili.

Saa tisa radi ikanguruma. Andati akasimama, akasita. Edah alikuwa ameshainama kwenye soketi, anachomoa.