Ua Lililoachwa na Dobi

Kila asubuhi, kabla hajaanika hata shuka moja, dobi huyainamia mayungiyungi yake kando ya kamba na kuyachomoa vile vijiti vya ndani vyenye vumbi la njano, kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji. Vumbi hilo likigusa kitambaa cheupe, kutoka ni majaliwa. Msichana wa nyumba ya pili humtazama kutoka dirishani, kitabu mapajani, ukurasa ule ule. Zamani dobi aliimba mtaa mzima ukamsikia, lakini tangu mkewe alazwe hospitalini, huyakaripia maua tu, kwa sauti ya chini: "Njoo hapa, mchafuzi mkubwa we!" Leo ameyapitia yote isipokuwa ua moja karibu na mlango, na shuka za upande ule amezihamishia mbali. Tena anaimba. Msichana akajikaza, akatoa kichwa nje.

"Shikamoo, mjomba. Mbona hilo moja umeliacha?"

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta vidole kwenye suruali yake mwenyewe, ikabaki michirizi ya njano. "Mama watoto anarudi leo. Yeye akinusa ua, haridhiki mpaka pua iwe ya njano."